Kaeni Mkao

Kwa kawaida mimi nikianza hadithi naita, na wenzangu wanaitikia. Leo siiti. Nawe nakuomba usiitikie. Funga mdomo, fungua macho, twende taratibu. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini naomba hivyo, na utaelewa pia kwamba kwetu ombi kama hili lilikuwa nusu ya uhaini.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si woga. Ni kwamba jina lilipelekwa wizarani kukarabatiwa, na mafundi bado hawajalirudisha. Ukitaka kuitambua, ni ile nchi yenye amani nyingi mno hadi inabidi amani yenyewe ilindwe na magari ya maji ya kuwasha. Na magari hayo ndiyo yaliyotuletea heshima. Wajumbe wa kimataifa walipokuja kutafuta mwenyeji wa Mashindano Makuu ya Kuogelea ya Mabara, waliuliza kama tuna uzoefu wa shughuli yenye maji mengi na watu wengi kwa wakati mmoja. Waziri wetu akawaonyesha picha. Wajumbe wakatazama picha, wakatazamana, wakasema hawajapata kuona umati uliolowa kwa mpangilio namna ile. Tukashinda.

Waziri mwenyewe ni Mheshimiwa Profesa Injinia Mfaume Kengewa, Waziri wa Maji, Michezo na Makofi. Usiulize uprofesa wa nini. Kuna mwandishi wa gazeti aliuliza, na sasa anaandika matangazo ya mbwa waliopotea.

Bwawa likajengwa, na likazinduliwa mara nyingi kuliko lilivyopigwa deki. Lilizinduliwa shimo. Vikazinduliwa vigae. Ikazinduliwa ngazi ya kushukia majini, na juma lililofuata ikazinduliwa ngazi ya kupandia, ambayo ni ile ile. Siku maji yalipotiwa, Waziri alikata utepe ulioelea katikati ya bwawa, akiwa amevaa suti, jaketi la kuokolea na viatu vya ngozi, amekalia boya kama kuku juu ya mayai. Tulipiga makofi mpaka boya likazunguka.

*

Hapo kwenye makofi ndipo penye hadithi. Kwetu kuna Sheria ya Itikio. Inasema hivi: kila neno litokalo kwenye kipaza sauti cha umma sharti lijibiwe na umma, kwa nguvu na kwa furaha. Ukinyamaza, umenuna. Ukinuna hadharani, una lako jambo. Na ukiwa na lako jambo, serikali inakusaidia kulitoa. Kimya kinaruhusiwa wakati mmoja tu, kiongozi akifariki; na kwa kuwa viongozi wetu wana afya ya kupindukia, wengi wetu tumeota mvi bila kukionja.

Sasa nikuletee jirani yangu, Bi Mashavu. Ukuta wake ndio ukuta wangu. Akikata vitunguu yeye, machozi natoa mimi. Bi Mashavu ndiye Mkuu wa Vigelegele wa Taifa. Usicheke, ni cheo. Kina kiti mbele ya umma, kina sare ya kanga, kina mshahara unaokuja wakati mwingine. Akifungua mdomo yeye, ukumbi unafuata. Akichelewa, ukumbi unachelewa. Nilimwona siku moja akipiga chafya katikati ya hotuba ya bajeti, na uwanja mzima ukapiga chafya, na redio ikatangaza kwamba bajeti imepokelewa kwa hisia.

Ana binti mmoja tu, Sikudhani. Binti mrefu, mabega mapana, maneno machache, kama vile mama yake aliyatumia yote kabla hajazaliwa. Kuogelea alijifunzia kwenye barabara ya mbele ya Wizara ya Maji, ambayo kila masika hugeuka bwawa kwa sababu mtaro wake bado unasubiri kuzinduliwa. Wenzake walikuwa wanaogelea ili wafike shule. Yeye, hata shule zilipofungwa, alikuwa anaogelea.

Kama wenyeji tulipewa nafasi ya mwogeleaji mmoja katika mbio za ufunguzi, mita hamsini wanawake, mtindo huru. (Neno "huru" lilimkosesha Waziri usingizi, kwa hiyo kwenye mabango yetu iliandikwa "mtindo ulioruhusiwa".) Nafasi ile ilikuwa ya mpwa wa Waziri. Lakini mpwa alipopelekwa kuliona bwawa, akachungulia, akauliza chini ni wapi, na alipoonyeshwa akapata mafua hapo hapo. Wakahangaika, mtu akasema yuko binti wa Bi Mashavu. Ndivyo Sikudhani alivyopata njia ya nane, ile ya pembeni kabisa, karibu na ndoo za kudekia.

*

Alasiri, siku moja kabla ya mashindano, nilikuwa barazani kwa Bi Mashavu, nimekuja kuazima chumvi, na kwa kuwa chumvi ilishakuwa mkononi nikakaa. Sikudhani akatoka ndani.

"Mama, nina ombi."

"Sema, mwanangu. Jirani si mtu wa kufichwa, hata tukimficha atasikia kupitia ukutani."

"Kesho, kabla ya honi ya kuanza, panatakiwa kimya. Kimya kabisa. Ndiyo kanuni ya mchezo dunia nzima. Ukishainama pale juu, miguu ndiyo inayosikiliza. Mtu akipiga kelele, miguu inaruka yenyewe."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Unyamaze."

Bi Mashavu akanigeukia kana kwamba mtoto katukana. "Jirani, umemsikia?"

"Nimemsikia, Bi Mashavu."

"Ananiambia ninyamaze! Mimi! Mwanangu, nikinyamaza tutakula nini? Kigelegele ndicho kilichokusomesha. Kigelegele ndicho kilichokununulia hiyo kofia ya mpira inayokufanya uonekane kama yai. Nikikosa kuitikia mara moja tu, kesho yake kiti changu anakikalia Bi Tatu wa Uchochoroni, mwenye sauti ya bawaba."

"Ni mbio moja tu, mama. Sina nyingine. Nataka niruke vizuri mara moja, niogelee mpaka mwisho, jina langu liandikwe. Basi."

Bi Mashavu akarudi kwenye mchele aliokuwa anauchambua, akawa anatupa mchele na kubakiza mawe. Ndipo nikaanza kuogopa, maana katika maisha yangu sijapata kuona Bi Mashavu akiulizwa kitu asijibu.

*

Ukumbi ulijaa, wallahi, nami napenda nyumba iliyojaa. Wafanyakazi wa serikali waliletwa kwa malori. Wagonjwa waliokuwa na uwezo wa kupiga makofi waliletwa kwa gari la wagonjwa. Sisi wa mtaani tulipewa safu za mbele kwa heshima ya Bi Mashavu, na yeye akakaa kwenye kiti chake cha cheo, kanga imenyooka, kipochi mapajani, mdomo umetulia kama bunduki ukutani.

Kama hujawahi kuona waogeleaji wa kweli kwa macho yako, acha nikwambie: televisheni inawapunguza. Walitoka kwenye mlango wa pembeni mmoja mmoja, warefu kama nguzo za simu, migongo mipana kiasi cha kuchezea bao. Wanajipiga makofi kwenye mapaja na mabegani, paa, paa, paa, mpaka ngozi inakuwa nyekundu kama embe.

"Mbona wanajipiga wenyewe?" akauliza mama mmoja nyuma yangu.

"Kwao hawana polisi," akajibiwa.

"Na wamenyolewa mpaka mikono!"

"Afadhali. Unywele ukibaki kwenye bwawa, nao utazinduliwa."

Harufu ya dawa ya maji ilikuwa inakata pua. Wakaanza kupasha misuli. Na hapo tukapata msiba wetu wa kwanza. Dada mmoja wa ng'ambo aliruka, akaingia majini bila hata kutoa "chubwi", na asionekane tena. Tukasubiri. Hakuna kichwa. Hakuna mkono. "Amezama!" akalia mtu. "Amezamaaa!" ukumbi ukaitikia. Waziri akasimama akanyoosha kidole, na mlinzi wake, kijana mtiifu, akajitupa majini na suti yake na simu yake ya upepo. Kumbe dada wa watu anapita chini kwa chini, anapiga mkia kama papa, na akaibukia mbali huko karibu na katikati ya bwawa. Aliyezama ni mlinzi. Yule dada alirudi, akamshika kola, akamleta ukingoni kama mtu arudishaye ndoo ya jirani. Tulimpigia makofi, na Waziri akatangaza kwamba zoezi la uokoaji limefanikiwa, mtu mmoja ameokolewa.

Kisha hotuba. "Itifaki imezingatiwa," alisema Waziri, halafu akaizingatia upya, jina kwa jina, mpaka waogeleaji wakavaa makoti. "Ndugu wananchi! Maji ni uhai. Kwa hiyo anayeogelea, anaogelea ndani ya nini?"

"NDANI YA UHAIII!"

"Na uhai huo umeletwa na nani?"

Bi Mashavu akafyatua. Nakwambia kigelegele kile kilizunguka paa, kikashuka upande wa pili, kikagusa maji, na maji yakakunja uso. Ukumbi mzima ukamfuata. Pale chini, kwenye njia ya nane, niliona Sikudhani amefumba macho.

*

Mwenye honi alikuwa mzee mmoja wa kutoka nchi za theluji, Bwana Olavi, mwembamba, amevaa nyeupe tupu, mpole kama daktari wa meno. Kazi yake ni kusema maneno ya kuwaweka waogeleaji tayari, kisha kubonyeza honi. Kwa kawaida maneno hayo husemwa kwa lugha moja dunia nzima, lakini Wizara ilikataa. Heshima ya taifa! Ikaundwa kamati. "Chukueni nafasi" ilikataliwa, kwa sababu kwetu nafasi zote zina wenyewe na kuzichukua ni kosa. "Jiandaeni" ilikataliwa, kwa sababu inanuka maasi. Baada ya semina hotelini wakakubaliana: "Kaeni mkao."

Kamati ilikuwa na maprofesa, balozi mstaafu na shemeji wa Waziri. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mtaani mkao ni wa aina moja tu.

Filimbi. Wanawake wanane wakapanda kwenye vijukwaa vyao. Bwana Olavi akasogeza kipaza sauti, na kwa lafudhi yake ya barafu akasema, polepole, kwa heshima:

"Kaeni mkao..."

"WA KULAAA!"

Si kwamba tulikusudia. Ilitutoka. Ni kama mtu akikwambia "hodi", unaweza kukaa na "karibu" mdomoni? Sauti ya ukumbi ule iliwapiga wale wanawake mgongoni, nao wote wanane wakaporomoka majini kama maembe kwenye upepo. Na Sikudhani mwenyewe, nilimwona kwa macho yangu haya, kabla hajaanguka midomo yake ilisema "wa kula".

Bwana Olavi akawatoa majini. Akasema si kosa lao, kelele imetoka nje. Warudie. Waziri akachukua kipaza sauti kutusaidia.

"Ndugu wananchi! Mgeni wetu anaomba utulivu. Tumeelewana?"

"TUMEELEWANAAA!"

"Mtanyamaza?"

"TUTANYAMAZAAA!"

"Nani atapiga kelele?"

"HAKUNAAA!"

"Tayari," akamwambia Bwana Olavi. "Wameelewa."

Filimbi. Vijukwaa. "Kaeni mkao..."

Nakuapia nilijiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini Bi Mashavu yuko kazini, wakubwa wanamtazama, sheria inamtazama. Aliitikia, tena kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa. Haikusaidia. Yeye ni ufunguo. Hata ukizungushwa kidogo mlango unafunguka wote. "WA KULAAA!" Wanane majini tena. Mmoja wao, mwenye nishani nyingi huko kwao, alitoka analia.

Bwana Olavi akapanda ngazi hadi jukwaa la wageni, anachuruzika jasho. Mkalimani alitusimulia baadaye.

"Mheshimiwa, nahitaji kimya."

"Kimya cha nini? Watu wana furaha."

"Bila kimya hakuna mbio."

"Bwana Olavi, kwetu kimya ni cha msiba tu. Hapa amekufa nani?"

Mzee wa watu akajifuta jasho. "Sasa hivi? Mimi, karibu."

Waziri akainamiana na washauri wake. Wakaona njia: kama kimya kinahitaji marehemu, basi apatikane marehemu wa muda. Macho yote yakamwendea Naibu Waziri, mtu mwenye adabu asiyekataa jukumu. Waziri akashika kipaza sauti, akashusha sauti kama inavyopasa. "Ndugu wananchi, kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba Naibu Waziri wangu ametutoka. Kwa dakika chache."

Kwa sekunde moja kimya kilikuwepo, tena kizuri. Kisha mtu wa safu za juu akapiga kofi moja. Akafuata mwingine. Halafu ukumbi mzima ukainuka kwa shangwe, watu wakakumbatiana, mmoja akarusha kofia. Marehemu alikuwa amekaa pale pale, anatabasamu kwa uchungu, na mwishoni naye akapiga makofi, maana sheria ni sheria.

Bwana Olavi akainua kidole kimoja. Hicho hakikuhitaji mkalimani. Mara ya mwisho. Ikishindikana, mbio hizi zinafutwa, na washindani wanapanda ndege.

*

Pale chini Sikudhani alikuwa amekaa kwenye ukingo, miguu majini, taulo mabegani. Hakulia wala hakulalamika. Aligeuka tu, akatafuta kiti cha mama yake kwa macho, akakipata, akabaki anakitazama.

Bi Mashavu akakunja kanga yake, akasimama. Hakuhitaji kipaza sauti, hajawahi kukihitaji.

"Mheshimiwa Waziri! Nina swali la kiitifaki!"

Ukumbi ukageuka. Waziri akakunja uso. "Uliza, Mkuu wa Vigelegele."

"Mmetwambia tukae mkao wa kula. Tumekaa mara ya kwanza. Tumekaa mara ya pili. Sasa, chakula kiko wapi?"

"KIKO WAPIII!" ukumbi ukapokea, na safari hii haikuwa kwa ajili ya sheria, ilitoka tumboni kabisa, maana tuliletwa tangu alfajiri.

"Tunajua mna takrima yetu, maboksi ya maandazi yamefungiwa chini ya jukwaa mpaka mgeni rasmi aondoke, ili tusitoroke. Mgeni wetu wa theluji anasema kaeni mkao. Serikali nzima imekubali neno hilo. Basi tuitikie kwa meno, Mheshimiwa. Kila mtu na andazi lake mkononi. Mzungu akisema 'mkao', wote tunatia mdomoni kwa pamoja. Hakuna atakayenuna. Mtu anatafuna, ananunaje?"

Waziri alifikiri, na nikaona neno kubwa likimjia usoni kama jua. "Ndugu wananchi! Serikali imeamua kwamba itikio la leo litatolewa kwa vitendo!"

Maandazi yakafunguliwa. Hapa sina budi kueleza yalikotoka. Zabuni alipewa yule yule shemeji wa Waziri, mjumbe wa kamati ya lugha. Naye kwa uzalendo aliyakaanga mapema, wiki nzima kabla, ili yasichelewe. Lilikuwa andazi kubwa, zito, kavu. Aliyekaa mbele yangu aliliangusha lake, likatoboa boksi. Tukagawiwa, kuanzia jukwaa la wageni mpaka safu za juu, na Waziri mwenyewe akashika lake kwa ncha za vidole, mfano kwa taifa.

Nilimtazama Bi Mashavu. Alilishika lake kwa mikono miwili, midomo inacheza kama anasoma dua.

"Bi Mashavu, vipi?"

"Unanitazama mimi wa nini, jirani? Mtazame mtoto."

Filimbi. Wanawake wanane wakapanda. Bwana Olavi akashika kipaza sauti.

"Kaeni mkao..."

Ukumbi mzima ukatia andazi mdomoni.

Sijui nikueleze vipi. Andazi lile likiingia kinywani linanyonya mate yote, linanyonya na lugha. Halimezeki, halitemeki. Watu waliojaa mpaka kwenye ngazi, na ghafla hakuna hata "mm". Nilitupa jicho pembeni: mashavu ya Bi Mashavu yamevimba kama ya kila mtu. Kimya kikashuka kutoka darini, kikakaa juu ya maji. Nikamwona Sikudhani ameinama, vidole vimeng'ang'ania ukingo, mgongo wake wote unasikiliza.

Honi.

*

Waliruka kama kisu kimoja.

Na kwa kuwa midomo yetu ilikuwa imefungwa na zabuni, tukasikia. Sisi watu wa kelele, kwa mara ya kwanza tulisikia kitu kikifanyika bila sisi. Kwanza hakuna sauti kabisa, wote wako chini, vivuli vinane vinateleza juu ya vigae. Halafu wakaibuka, na ikawa kama mvua ya mawe juu ya bati, mikono kumi na sita inachana maji, na katikati ya ile ngurumo unasikia pumzi: ha! ha! Povu jeupe nyuma ya kila mguu. Ukingo wa bwawa ukawa unamwaga maji nje kwa mawimbi, yakatufikia viatuni. Yule mama mwenye nishani alikuwa tayari mbele, lakini mimi na mtaa wangu tulikuwa tunatazama njia ya nane, pale pembeni karibu na ndoo za kudekia.

Sikudhani alikuwa wa mwisho. Kisha akawa sambamba na wa saba. Nilitaka kupiga kelele, nikatoa unga. Mtaa mzima tulikuwa tumesimama, tunapigana mabegani, macho yanatoka, hakuna mwenye sauti. Mtoto wetu yupo hapo, amebakiza urefu wa basi moja, na taifa zima la washangiliaji limezibwa mdomo na andazi.

Ndipo kikapanda.

Kimoja tu. Peke yake. Chembamba kwanza, halafu kikafunguka, kikarefuka, hakikuwa kile cha kazini chenye tarumbeta ndani. Hiki sijawahi kukisikia kupitia ukutani miaka yote. Kigelegele cha mama. Kiliruka juu ya vichwa vyetu moja kwa moja hadi kwenye maji ya njia ya nane, na nakuapia mkono wa binti ulikisikia. Alichapa maji kama ana ugomvi nayo. Akampita wa saba. Akamfikia wa sita, wakawa pamoja, ukutani wakafika pamoja, na ubao mkubwa ukafikiri, ukafikiri, kisha ukaandika.

Waziri, shavu moja limejaa, akamgeukia msaidizi wake. "Nani huyo wa sita?"

"Sikudhani, Mheshimiwa."

"Sikukuuliza ulidhani nini, nimekuuliza nani!"

"Ndilo jina lake, Mheshimiwa. Ni wa kwetu."

"Wa kwetu?" Akautazama ubao tena, bendera yetu iko pale, ndogo lakini imenyooka. "Hata mimi sikudhani," akasema, na akatangaza siku ya mapumziko.

*

Sasa usifikiri serikali ililala. Kabla maji hayajatulia, maofisa wawili walishamsimamia Bi Mashavu, na Waziri akashuka mwenyewe.

"Mkuu wa Vigelegele. Katikati ya mbio umepiga kigelegele."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mtu hawezi kupiga kigelegele na andazi mdomoni. Kwa hiyo mdomo wako ulikuwa mtupu. Kwa hiyo mzungu aliposema 'mkao', wewe hukutafuna. Kwa hiyo wewe, cheo chako na kanga yako ya serikali, ulinyamaza. Kimya tupu! Hadharani!"

Kiti kimekwenda, nikawaza. Bi Tatu wa Uchochoroni yuko njiani.

"Nilitafuna, Mheshimiwa," akasema Bi Mashavu. "Nikameza."

"Ukameza? Andazi lile? Kwa muda ule?"

"Kwani halimezeki, Mheshimiwa?"

Waziri akageuka. Nyuma yake shemeji alikuwa amesimama, mwenye zabuni, anamtazama kwa jicho la mtu ambaye dada yake ndiye anayepika jioni. Waandishi wa habari walikuwa na kalamu juu.

"Linamezeka," akasema Waziri.

"Mimi naona ni laini," akasema Bi Mashavu. "Au Mheshimiwa anaonaje?"

"Laini," akasema Waziri, na ili kuliridhisha taifa akameza kile kilichokuwa kimebaki shavuni mwake. Alikunywa maji ya bwawa hadi likashuka. Tukapiga makofi, na Naibu Waziri, ambaye hakuna aliyekumbuka kumfufua, akapiga kuliko wote.

*

Tulimkuta Sikudhani nje, kwenye mlango wa waogeleaji, nywele zinachuruzika, macho yana maduara mekundu ya ile miwani ya maji. Mtaa mzima ukataka kumbeba. Akatusogeza kwa upole, akaenda kwa mama yake.

"Mama, kimya kile. Ulinyamaza kweli, au ni andazi?"

Bi Mashavu akatazama kulia, akatazama kushoto, akanitazama mimi, akaniona si mtu wa kufichwa. Akafungua kipochi chake. Andazi lilikuwa humo, zima, halijaguswa hata na jino moja.

"Nilijaza upepo tu mashavuni," akasema.

"Wangekushika, mama! Si ungelitafuna tu kama wengine?"

"Mwanangu, lingeniziba mdomo mpaka umalize. Nani angekupigia?"

Sikudhani akalichukua lile andazi, akataka kuling'ata ili afiche uso wake. Likagoma. Akaliangalia, akamwangalia mama yake, wakaanza kucheka wote wawili, na mimi nikacheka, na mtaa ukacheka bila kujua kwa nini, kwa mazoea.